Koti Lililokataa Maji ya Baraka

Maji ya baraka yaliteleza juu ya koti la baba kama shanga, yakaanguka mavumbini. Koti halikulowa hata kidogo.



Ilikuwa mwaka 1984, kijijini kwetu karibu na Isaka. Baba yangu, mzee Alois, kuli wa stesheni, tulikuwa tumeshamzika. Siku hiyo mdogo wake, ba'mdogo Jilala, alitakiwa kurithi koti lake.

Katekista akanyunyiza tena. Yakateleza tena.

Ba'mdogo akachota samli kwa kidole, maana katika ukoo wetu nguo ya marehemu hupakwa mafuta kabla ya kuvaliwa. Nayo ikajikunja vitone vitone, ikashuka chini.

Shangazi Bernadina, dada yake baba, akamgeukia mama.

"Wifi Serafina. Koti la kaka lina nini?"

Mama, macho mekundu kwa moshi na kulia, akajibu vile vile baba alivyokuwa akituambia.

"Lina dawa."

Mungu wangu. Neno moja tu.

Lile koti baba alipewa na mhandisi wa reli, mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Alimweleza kwamba kitambaa kimepakwa dawa huko kiwandani, maji hayashiki, mafuta hayashiki. Mama alimaanisha hiyo. Lakini kwa lugha yetu dawa zote jina ni moja, bugota, iwe ya kiwandani, iwe ya mganga. Na miaka ile, mjane mwenye macho mekundu alikuwa anatafutiwa sababu tu ya kuitwa mchawi na kukatwa mapanga.

Vijana wawili wa ukoo wakasogea, wakasimama mlangoni.

Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, shule niliiacha njiani, nikisimama mbele za watu sauti inakauka.

Ba'mdogo akabeba ndoo. Akalimwagia koti maji yote, aone kama litakataa na hayo.

Yakateleza. Isipokuwa sehemu mbili.

Pale kiunoni, kulia na kushoto, maji yaliingia. Kitambaa kikawa cheusi. Taratibu vikajichora viganja viwili, na vidole vyake.



"Hiyo ndiyo mikono iliyomuua," shangazi akasema. "Weka ya kwako tuone, wifi."

Mama akaweka. Ikaenea sawasawa.

Pale mlangoni mtu akasema, basi, yamekwisha.

Sijui nilisimamaje.

"Shangazi," nikasema, "nani alikuwa anamtania baba kwamba kila Jumapili anapakia gunia la pamba kwenye baiskeli?"

Akanitazama.

"Gunia lenyewe si huyu mama? Si hapo hapo kiunoni, juu ya koti hili, alikuwa anamshika mpaka kanisani? Miaka yote hiyo. Dawa ya kiwandani imefutwa na mikono yake."

Shangazi akainama, akaviangalia vile viganja. Vidole vilielekea mbele. Kumshika mtu hivyo, lazima uwe nyuma yake, umemwegemea.

"Alikuwa anafumba macho kwenye mteremko," akasema polepole. "Na kaka anaongeza mwendo makusudi."

Akakaa mkekani kando ya mama, akalia kuliko siku ya mazishi. Mlangoni pakabaki peupe.

Ba'mdogo hakulitaka tena lile koti. Alisema lina mwenyewe.

Miaka mingi baadaye tulimzika mama mvua ikinyesha. Nilikuwa nimelivaa lile koti. Mvua iliteleza mabegani, ikateleza kifuani na mgongoni. Nilisimama pale kaburini nikiwa mkavu kabisa.

Isipokuwa kiunoni, kulia na kushoto, ambapo nilisikia ubaridi wa viganja viwili. Kama mtu amekaa nyuma yangu.

Nikafumba macho.

Jamani, watu wamezikwa kwa neno moja. Ukimsikia mwenzako anasema dawa, kabla hujasogea mlangoni, muulize kwanza ni dawa ya nini.