Karte Tuliyoiita Kivu

Bado naiona Jumamosi ile, mwanangu, maana ndiyo siku nilipoambiwa neno ambalo hadi leo hunisimamisha kabla sijachagua kitu chochote. Mvua ilikuwa imekatika. Nilisimama kwenye baraza ya Papa Shabani, hapa Nguba mjini Bukavu, nimegeukia ziwa, nikingoja zamu yangu.

Nianze na hiyo zamu, kwa sababu ninyi mnacheza kwenye simu, kila mtu na yake mkononi, hamuijui. Papa Shabani alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Uvira, muuza vitenge, mtu wa maneno machache. Chumba chake cha mbele kilikuwa na kompyuta chache, na nyuma ya nyumba jenereta iliunguruma. Vijana wa mtaa tulikwenda pale kwa ajili ya mchezo mmoja tu, ule wa kujenga dola. Unaanza na watu wachache kwenye nchi iliyofunikwa na giza. Unaanzisha mji, unalima, unafungua barabara, unatengeneza mashua na askari, na giza linafunguka kadiri watu wako wanavyotembea. Hakuna kukimbizana. Unamaliza mambo yako yote, kisha mwenzako anafanya yake. Na kwa kuwa wawili tulitumia mashine moja, anayengoja alitoka nje kutazama ziwa, asione siri za mwenzake. Ukichungulia dirishani, umeshindwa. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na sikumbuki mtu aliyeibishia.

Kabla ya kuanza, mchezo unakuuliza unataka ramani ya namna gani, au karte kama tulivyosema sisi. Majina yake ya Kifaransa yalikuwa marefu, basi tukayapa yetu. Ile ya bara moja kubwa, ambapo wote mnabanana kwenye nchi kavu ileile, tuliiita Soko. Ya visiwa tuliiita Idjwi, kwa sababu ya kisiwa cha ziwa letu. Ya milima na njia nyembamba ilikuwa Mwenga. Na ile ambayo maji yako katikati na nchi imeyazunguka pande zote, hiyo tuliiita Kivu, jina la ziwa lenyewe.

Mimi nilikuwa mtu wa Kivu, na kila mtu alijua. Wavulana walipenda Soko kwa kuwa vita vilianza mapema, na kila nilipochagua Kivu waliniuliza sambaza za leo, wale dagaa wa ziwani, nitauza fungu kwa bei gani. Nilikuwa msichana pekee kwenye chumba kile, na nilijifunza mapema kutojibu. Nilikuwa na utaratibu wangu. Natafuta rasi, kipande cha nchi kilichoingia majini, naweka mji mkuu kwenye ncha, halafu naanza kupanda mlima taratibu. Nilishinda mara nyingi kuliko nilivyoshindwa, basi sikuona sababu ya kubadilisha.

Hatari ikaja kutoka Kadutu, mtaa wa juu mlimani. Kijana mmoja aliyeitwa Cikuru alishuka na wenzake wakamwomba Papa Shabani awape Jumamosi mchana, kwani kwao hapakuwa na chumba kama kile. Walikuwa wengi, nasi wa Nguba tulikuwa wachache. Kwao ulikuwa muda wa kucheza kama mwingine wowote. Kwangu hapakuwa na mwingine: siku zote za wiki nilimsaidia mama kuuza unga wa muhogo, na Jumapili ilikuwa ya kanisa na kufua. Nikinyang'anywa Jumamosi mchana, nimeacha mchezo. Papa Shabani aliwasikiliza hadi mwisho, akasema pande mbili zitacheza mechi moja mwezi ujao. Cikuru atawachezea wao, wenyeji watachagua ramani, na upande utakaoshinda utachukua Jumamosi. Wenzangu wakanitaja mimi.

Ndipo Papa Shabani akaniita nicheze naye, kunipima. Yeye ndiye aliyechagua ramani, na akachagua Mwenga. Nikachukua watu wangu, nikawatembeza. Niliwapitisha bondeni penye rutuba, nikawavusha mto, nikawapandisha na kuwateremsha, na kila nilipotoka barazani nikarudi, nilikuta mzee ameongeza kitu kwake. Nilipokuja kuanzisha mji wangu wa kwanza, yeye alikuwa tayari ana mingine na barabara za kuiunganisha. Haikuchukua muda akanimaliza.

Hakucheka. Alinivutia kiti, akaniita kama wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti.

"Maman, na wale batu bako, ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamwambia nilikuwa natafuta maji.

"Maji iko pale. Muto ulipita ndani yake."

"Ziwa, Papa. Nilikuwa natafuta ziwa."

Akauliza tena: "Na karte ya Kivu, unaipenda juu ya nini?"

"Juu naijua."

"Hapana. Ile ni kuzoea. Weye haujachagua karte hata siku moja, mutoto yangu. Unachaguaka Bukavu tu."

Mwanangu, neno lile lilinichoma. Nilishuka nyumbani nimenuna, na jioni yote niliendelea kumjibu kichwani. Lakini nilipotulia nikaona amesema kweli tupu. Katika mji huu wetu, uzuri uko chini, majini. Nyumba za wenye mali zinakaa kwenye rasi, bustani zao zinagusa ziwa. Juu, Kadutu, nyumba zinabebana mgongoni na mvua inazishusha pamoja na udongo. Mtu akifanikiwa tunasema ameshuka. Mimi na mama tulikaa kwenye chumba cha uani, nyuma ya jumba la watu wengine, na tangu utotoni nilitazama ncha ile ya rasi kama mahali ambapo maisha yanaanzia. Hata mama yangu, aliyezaliwa Nyangezi kati ya mashamba, alikuwa akisema siku moja tutakaa mbele, upande wa maji. Basi nilipopewa dunia nzima tupu niijenge nipendavyo, nilijenga njia ya kwenda kwenye lile jumba la mbele.

Mwezi ule nilifanya kitu ambacho hadi leo nakionea fahari. Niliiacha Kivu. Nilijiwekea sharti kwamba nitacheza kila namna ya ramani hadi nishinde ndani yake, na nikishinda nitajiuliza imenipa nini ambacho Kivu haikuwahi kunipa. Soko ilinifundisha kwamba jirani anafika kabla hujajiandaa. Idjwi ilinitesa kuliko zote. Sisi tumezoea maji yenye ng'ambo. Ukisimama hapa unaona nyumba za Rwanda, asubuhi unaona hata moshi wa majiko yao. Mashua yangu ilipoingia gizani bila kuona nchi mbele, mkono wangu wenyewe uliirudisha. Niliirudisha tena na tena, hadi siku moja nikaiacha iende, ikafika mahali. Na Mwenga, ile iliyoniaibisha, ilinionyesha kwamba penye njia moja tu, mwenye nchi ni yule aliyekaa juu ya njia.

Wiki ya mechi wenzangu walinisihi nichague Mwenga, kwa kuwa Cikuru hakuijua vizuri. Nikawaambia nitachagua Kivu. Mmoja alishika kichwa, akauliza basi mwezi mzima ule nilikuwa nahangaika na nini. Lakini safari hii nilikuwa na sababu, na niliwatajia. Kwenye Kivu hakuna anayejificha nyuma ya umbali. Kila mmoja anaweza kumfikia mwenzake kwa maji au kwa kuzunguka, kwa hiyo anayepanga vizuri anamshinda mwenye bahati. Na kwenye Kivu kila mtu wa Bukavu anafanya kosa lilelile, nami sasa nalijua jina lake.

Cikuru alipoona ramani niliyochagua alifurahi waziwazi. Alinishukuru mbele ya watu.

"Dada, leo nashuka kukaa Nguba, na hakuna mutu atanidai kodi ya nyumba."

Chumba kizima kilicheka, nami nilicheka. Kisha akafanya alichosema. Alitafuta rasi nzuri kuliko zote, akaweka mji mkuu kwenye ncha, maji pande tatu. Kijana wa mlimani, amepewa dunia tupu, akakimbilia chini kama tunavyokimbilia wote.

Mimi nilipanda. Niliweka mji wangu mlimani, karibu na chanzo cha mto, penye mawe na msitu, ambapo hakuna mtu wa mji huu angetaka kukaa. Wenzangu, waliotazama zamu zangu ndani na kutoka nami barazani, walinishauri kwa ishara na vikohozi nishuke. Ilikuwa mbaya zaidi katikati ya mchezo, pale mashua za Cikuru zilipochukua kimji changu kidogo cha ufukweni na alama zake, zile zinazohesabu miji na nchi ya kila mmoja, zikapita zangu. Nilitoka kungoja zamu nikakuta nyuso zao zimeanguka. Mmoja aliniambia taratibu kwamba Jumamosi imekwenda. Nilitazama ziwa kama sheria ilivyotaka, na sikubadilisha kitu.

Nilichokuwa nafanya hakikuonekana haraka. Askari wangu walikuwa wanateremka mlimani polepole, na walipofika kwenye shingo ya rasi, pale nchi inapokuwa nyembamba kabla ya kuingia majini, nikajenga ngome. Basi. Unajua jinsi lori moja likiharibika kwenye barabara ya kushukia rasini, mtaa mzima unavyosimama. Cikuru alikuwa na mji mzuri na mashamba machache, na njia ya kutokea kwa miguu nimeikalia mimi. Alitengeneza mashua nyingine, akazunguka nazo, lakini kila mahali alipotaka kushusha watu alikuta mji wangu mpya umeshajengwa, umeteremka kufuata mto.

Mchezo ulimalizika jinsi ulivyomalizika mara nyingi pale, Papa Shabani alipotazama saa yake na kusema anakwenda kuswali alasiri. Alama zikaonyeshwa. Zangu zilikuwa juu, na hazikuhitaji kuhesabiwa mara mbili.

Cikuru aliitazama ramani yote iliyofunguliwa, bila giza, kwa mara ya kwanza.

"Ulinifungia ku shingo," akasema.

"Shingo ulijichagulia weye mwenyewe."

Alicheka, akanipa mkono. Jumamosi ikabaki yetu, nami nikamkaribisha aje kama mgeni, kwa sharti kwamba atacheza Mwenga. Alikuja.

Sikumaliza shule, mwanangu, na mengi ninayoyajua nimejifundisha, kitabu baada ya kitabu. Leo watu wananiita kuwachorea ramani za viwanja vyao, kuanzia hapa hadi Luhwindja kule milimani, na nikifika mahali watu wote hunionyesha upande wenye mandhari. Mimi hugeuka kwanza kuangalia mlima, maji ya mvua yatapita wapi, njia iko wapi na nani ameikalia. Kuna nyumba zimesimama katika mji huu kwa sababu niligeuka hivyo. Nalisema bila kujivunga.

Umeniuliza karte gani ni nzuri. Yangu ni Kivu, na sitaibadilisha. Yako siijui, wala si kazi yangu kukupa. Ninachokuomba ni hiki: kabla hujasema unapenda kitu, iwe karte, iwe kazi, iwe mtu wa kujenga naye nyumba, tambua kama umekichagua au umekikuta tu mlangoni kwenu. Nenda kwenye zile zingine, kaa ndani yake hadi zikushinde na wewe uzishinde, ujue kila moja inatoa nini na inakunyima nini. Ukirudi kwa ile ya kwanza, usione aibu. Utakuwa umerudi kwa miguu yako mwenyewe. Na wakikucheka, taja sababu zako kwa sauti, halafu cheza.

Mungu akupe nchi pana na muda wa kuizunguka. Akutangulie pale penye giza, akulinde usijifungie mahali pa njia moja, na mji utakaouanzisha, popote utakapouweka, watoto wako waukute umesimama.