Upepo Kwenye Rejeta

Mimi sina subira, na nalijua hilo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajachemsha maji.

Baba mdogo alipofariki, maziko yalipangwa saa nane mchana kijijini kwetu, huku juu, nje kidogo ya Sumbawanga. Baba alikuwa bondeni Mtowisa, kwenye mpunga wake. Yeye na mdogo wake walikuwa hawasemezani miaka mingi kwa sababu ya shamba la ulezi. Jioni ya kuamkia siku ya maziko akanipigia simu: "Njoo unichukue. Nataka nimwone uso kabla hawajafunga jeneza." Basi, akakata.

Gari langu lilikuwa limetoka kubadilishwa mpira wa rejeta jioni ile ile, kwa fundi wa Katandala, mjini. Fundi aliniambia, "Bro, humu ndani kuna upepo. Kesho asubuhi lipaki pua juu, fungua mfuniko, washa hita, acha injini iungurume mpaka mapovu yaishe. Usiwe na haraka." Alfajiri, pale kwangu Milanzi, baridi ilikuwa inakata masikio. Mapovu yakawa yanapanda moja moja, kwa madaha. Mshale wa joto wala hautikisiki. Nikasema, aah, mafundi nao kwa kujifanya! Nikafunga mfuniko. Sisi wa huku juu baridi inatudanganya. Gari bovu linaonekana zima.

Kushuka bondeni hakukuwa na shida. Kurudi na baba, katikati ya mlima, likachemsha. Mvuke ulitoka mpaka barabara haionekani.

"Jana si lilikuwa kwa fundi?" baba akauliza.

"Lilikuwa, baba."

Injini ikichemka hufungui mfuniko, utaungua uso. Tukakaa tunasubiri ipoe. Nikajaza maji, nikawasha, nikawa naminyaminya ule mpira ili upepo utoke. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani kwenye joto lile, anatazama saa.

"Bado?"

"Bado kidogo."

"Twende hivyo hivyo, mwanangu. Watafunga."

Nami nikafunga mfuniko, huku nikijua upepo bado umo. Hatukumaliza kona tatu, likachemsha tena. Nilitamani kulia, mtu mzima mimi. Safari hii nilisubiri mpaka povu la mwisho, na baba hakuuliza tena. Simu zetu zote mbili hazikuwa na mtandao. Gari likapanda vizuri kabisa, mshale umetulia katikati, na nililichukia kwa kupanda vizuri vile.

Tulifika watu wananawa mikono ili wale. Padri alikuwa na maziko mengine, hawakuweza kumchelewesha. Kaburi lilishafukiwa, mashada yako juu.

"Kulikoni, shemeji? Mbona hivi?" mama mdogo, mjane wa marehemu, akamuuliza baba.

Kabla baba hajafungua mdomo nikadakia: "Fundi wa Katandala ameniharibia gari." Neno lilinitoka tu, lo, kwa wepesi ule ule wa kufunga mfuniko.

Baba akaenda kaburini, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo mbichi.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikuwa nakuja. Na mwanao usimlaumu, alijitahidi sana. Ni fundi ndiye aliyemharibia gari."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, hatua mbili tu. Mpaka leo sijamwambia.