Mama Nywila na Suruali ya Mguu Mmoja

Saa tatu asubuhi, Mama Nywila yuko sebuleni kwa mshonaji mmoja, macho kwenye simu. Kazi yake ni kunasa wanaodandia intaneti za watu majumbani. Jina amepewa na wateja, kwa kuwa hatoki nyumbani kwa mtu kabla ya kubadilisha nywila.

Mshonaji hufundisha kushona kwa video, na somo ni saa nne. Wiki nzima picha inaganda mkasi ukiwa hewani. Wanafunzi wameanza kuaga. Wakiisha, atarudia kushona viraka vya watu, kazi iliyomvunja mgongo.

Simu ya Mama Nywila inaonyesha kila kifaa kilichoingia kwenye mtandao wa nyumba. Simu ya mshonaji, ya mumewe, runinga. Cha nne hakina mwenyewe.

Anauliza nywila. Mshonaji anaitaja kwa aibu: harakaharakahainabaraka. Ndiyo methali anayowakumbusha wanafunzi kila somo, kwa sauti, dirisha wazi.

Mama Nywila anacheka mpaka anafuta machozi. Anabadilisha nywila, anavuta kiti mlangoni, anakaa.

"Mdandiaji hana subira," anasema. "Ukimkatia, atakuja mwenyewe kukujulia hali. We andaa chai tu."

Chai haijapoa, hodi inapigwa. Ni jirani wa ukuta wa pili, dereva mstaafu, ameshika suruali yenye mguu mmoja. Anauliza habari za watoto, za kazi, za mvua. Kisha anakohoa.

"Mwalimu, kwani leo hakutakuwa na somo?"

Mshonaji anaitazama suruali. Ni ya somo la juzi. Kumbe mwanafunzi wake mmoja asiyewasha kamera, anayemmwagia sifa kila siku, ndiye huyu.

"Niliona haya, mwanangu," mzee anasema. "Mtu mzima nije kukuomba unifundishe kutunga uzi? Nikawa nayarudia masomo kutwa nzima, maana sishiki upesi."

Mshonaji alikuwa amepanga kufoka. Anajikuta anamvutia kiti kando ya cherehani. Saa nne somo linaanza, na picha haigandi hata kidogo.

Mama Nywila ana ndoto ya kufungua ofisi yake. Sare ameshaiagiza kwa mzee, kwa sharti kwamba miguu yote miwili iwepo. Akimuuliza itakuwa tayari lini, mzee humjibu kwa ile nywila ya zamani.