Krismasi Ambayo Ate Hakupanda Ndege

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Kondoa, na tangu nifike Marekani sijawahi kukosa kazini siku ya Krismasi. Hakuna aliyenilazimisha. Yalikuwa makubaliano kati yangu na muuguzi mmoja Mfilipino, na tuliyafanya tukiwa tumesimama kwenye chumba cha dawa, mwaka wangu wa kwanza Louisville.

Wakati huo mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye ghala la vifurushi, nasi tumepanga nyumba mtaa wa South End. Mimi nilipata kazi kwenye kituo cha kutunzia wazee, nusu saa kwa basi kutoka nyumbani. Yule muuguzi Mfilipino ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, amenizidi miaka kama minane. Wafilipino wenzake walimwita Ate, yaani dada mkubwa kwa lugha yao, na baada ya wiki moja nami nikawa namwita hivyo. Jina lake la kwenye kitambulisho sikulizoea kamwe.

Kwao Krismasi huanza Septemba. Joto la Louisville bado halijapungua, yeye tayari anaimba nyimbo za sikukuu huku anapanga vidonge. Nilidhani anatania, mpaka nikaona amebandika nyota ya karatasi kwenye mlango wa ofisi ya wauguzi kabla hata majani hayajaanza kuanguka.

Kabla ya Marekani alikuwa amefanya kazi Saudia miaka mitatu, kwa hiyo habari za Kiislamu hazikumpiga chenga. Ndiye aliyeniambia, "Wewe nipe Krismasi yangu, mimi nitakupa Idi zako zote mbili. Saudia nilizoea kuzifanyia kazi." Tukapeana mikono. Na kila wafanyakazi walipoleta vyakula vya kuchangia, yeye alipita kwanza mezani akinusa na kuuliza, kisha ananionyesha kwa kidole: hiki kula, hiki kina nguruwe, kile pia.

Lakini Krismasi niliyompa hakuitumia kama nilivyodhani. Nilimwazia akiwa kanisani, akipika, akicheka na wenzake. Kumbe alikaa ndani siku nzima na simu mkononi, akiangalia familia yake ikila. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyemwacha na miaka miwili, kwa dadake, kwenye mji mdogo ulio mbali na Manila. Baba wa mtoto alishajenga maisha mengine. Alimwona mwanawe mara moja tu katikati, mkataba wa Saudia ulipoisha, kwa wiki tatu kabla ya kuja Marekani. Wakati huo mtoto alikuwa na miaka mitano.

"Simu inawekwa juu ya kabati," aliniambia. "Naona vichwa vyao vyote. Wakishakula wananisahau hapo, na mimi sikati."

Baadaye Ate alihamia Columbus kwenye hospitali kubwa zaidi, akakaa miaka miwili. Desemba moja nilimfuata kwa gari kutoka Louisville, saa tatu na zaidi barabarani, nikitaka kumshangaza. Nilimkuta yuko zamu na hana nafasi zaidi ya nusu saa ya chakula. Tukakaa kwenye gari langu, pale pa kuegeshea, tukala chapati zangu na tambi zake. Tukacheka sana, sikumbuki tulicheka nini. Akarudi ndani na mimi nikageuza gari. Mwaka uliofuata sisi tukahamia Buffalo kwa sababu shemeji yangu alikuwa huko, tukapata nyumba Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege. Kituo nilichopata kazi kikatafuta wauguzi. Nikampigia. Akaja.

Na Krismasi ya pili ya Buffalo ndipo alipoomba likizo ya kwenda kwao. Miaka sita tangu amwone mtoto. Sasa ana kumi na moja.

Maandalizi yake tuliyafuata kituo kizima. Alinunua boksi kubwa linalomfika kiunoni na kila wiki akaongeza kitu: sabuni, chokoleti, vitamini za mama yake, viatu vya michezo vya mtoto. Viatu ndivyo vilivyomhangaisha zaidi. Dadake alikuwa amempa saizi mwezi Agosti. Oktoba akabadilisha, akachukua vikubwa zaidi. Novemba akaniuliza mimi, kama vile ninajua mguu wa mtoto ambaye sijamwona. Binti yangu, ambaye siku hizi nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, ndiye aliyemwambia anunue vikubwa zaidi ya hapo. Akanunua.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilimkumbatia mlangoni pa kituo. Alikuwa asafiri kesho yake asubuhi. Nilishika zamu zake zote za wiki ile.

Kesho yake mchana nikapata ujumbe. "Ndege imefutwa kwa sababu ya theluji. Usijali, watanipa nyingine."

Theluji ilikuwa inaanguka kweli, na huku si ajabu. Jioni mume wangu aliporudi nikampa habari. Huku Buffalo yeye hupakia mizigo ya ndege pale pale uwanjani. Akavua buti, akaniangalia.

"Leo? Leo ndege zimeruka kama kawaida."

"Labda ya kwake tu."

"Labda," akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Nilimpigia Ate mara mbili, hakupokea. Nikajiambia amelala.

Siku ya Krismasi nikaingia kazini saa moja asubuhi. Jengo lilikuwa kimya. Wazee wenye watoto karibu walikuwa wamechukuliwa, waliobaki walivalishwa sweta nyekundu na kukalishwa mbele ya televisheni. Kati yao alikuwepo mama mmoja wa Kivu, kutoka milimani, aliyevunjika nyonga akaletwa kwetu apone. Kiingereza chake kilikuwa maneno matatu. Mimi na yeye tulizungumza Kiswahili, changu cha Dodoma na chake cha Kongo, na tulielewana vizuri, ingawa alinicheka kila niliposema "watu" badala ya "bantu". Alikuwa mkali. Akiletewa uji wa baridi anausukuma mpaka ukingoni mwa meza. Lakini mama huyo alimpenda Ate, kwa sababu Ate peke yake ndiye aliyejua kumgeuza kitandani bila kumuumiza.

Nilipokuwa nampima presha akaniuliza, "Ule mufupi iko wapi?"

"Alikuwa aende kwao, mama. Kumwona mtoto wake."

"Ni bien, ni muzuri."

"Lakini nadhani hakwenda. Na sijui kwa nini."

Sijui ni nini kilinifanya niseme. Labda kwa sababu ilikuwa Kiswahili, na hakuna mwingine mle ndani aliyesikia. Nikatoa kitambaa cha presha mkononi mwake.

"Anaogopa," akasema.

"Anaogopa nini?"

"Mutoto." Akajiweka sawa kwenye mto. "Miye nilikimbiaka wakati ya vita, mutoto wangu ule wa kwanza nilimuachaka kwa mukubwa wangu, dada. Myaka munane. Bon, siku tulionana, nilifikiri atanirukia. Alinipa mukono. Mukono tu, sawa unasalimia pasta."

"Ukafanya nini, mama?"

"Nilishika ule mukono. Ningefanya nini? Nikamupikia sombe. Akakula. Kesho yake akakula tena." Kisha akafumba macho, nikadhani amemaliza. "Leo njo yeye ananileteaka nguo hapa. Tunagombana kila siku. Ule mutoto iko na kichwa nguvu."

Mtoto huyo, mwanamume mwenye mvi, alikuja saa nane na begi la nguo, na kweli wakagombana, juu ya soksi.

Zamu ilipoisha saa tisa alasiri sikwenda nyumbani. Nilipita barabara zilizokwanguliwa theluji mpaka mtaa wa Kensington-Bailey, ambako Ate alipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya familia mbili. Gari lake lilikuwa limefunikwa na theluji, halijaguswa. Nikapanda ngazi na kubisha. Muda ukapita. Akafungua.

Alikuwa amevaa nguo za safari. Sanduku lilikuwa koridoni na lile boksi pembeni yake, bado lina tepu zote na jina la dadake kwa kalamu nyeusi. Ndani kulinukia chakula. Alikuwa amepika tambi za watu kumi.

"Umekuja," akasema. "Kula basi."

Nilikaa nikala. Zilikuwa na kuku, aliniambia kabla sijauliza. Yeye hakula. Nilimaliza sahani ndipo nikasema, "Ndege haikufutwa."

"Haikufutwa."

Akanieleza polepole, akiangalia dirisha. Alifika uwanjani mapema, akasimama kwenye foleni na boksi lake. Kwao ilikuwa usiku, mtoto hajalala, akampigia. Akamuuliza kama atakuja kumpokea Manila. Mtoto akajibu kwa adabu, "Ndiyo, Tita." Tita ni shangazi, au mama mdogo, au mwanamke yeyote mtu mzima unayemheshimu. Mara moja mtoto akagundua kosa, akasema, "Samahani, ndiyo, Mama."

"Angeacha tu bila kurekebisha ingekuwa nafuu," akasema Ate. "Lakini alirekebisha haraka. Kama mwanafunzi aliyekosea mbele ya mwalimu. Nikasikia dadangu nyuma akimnong'oneza, nikajua wamekuwa wanamfundisha. Wamemfanyisha mazoezi ya kuniita Mama."

Akatoka kwenye foleni. Akakaa kwenye kiti mpaka ndege yake ilipotangazwa kwenye kipaza sauti, na ilipotangazwa mara ya pili akavuta boksi lake mpaka nje, akachukua teksi. Kwao amewaambia theluji, kama alivyoniambia mimi.

"Nikienda nitakuwa mgeni pale," akasema. "Hapa simu inaniruhusu kuwa mama yake. Naona uso wake, naye anaona wangu, kisha tunakata. Nikifika atajua kwamba simjui. Hata saizi ya mguu wake siijui."

Mimi mwanangu nimemlea mwenyewe, nalala naye nyumba moja, na bado kuna siku tunakaa mezani kila mtu na lugha yake. Nikamwambia habari za mama wa Kivu, neno kwa neno kama nilivyoweza kuzitafsiri. Miaka minane. Mkono kama wa kumsalimia pasta. Sombe.

"Sombe ni nini?"

"Majani ya muhogo."

Akafikiri. "Na alikula?"

"Alikula. Na kesho yake akala tena."

"Sasa yuko wapi huyo mtoto?"

"Leo nimemwacha akigombana na mama yake juu ya soksi."

Hapo ndipo alipolia, na sikumzuia. Alipomaliza akanawa uso jikoni, akarudi na sahani, akajipakulia tambi. Tulikula pamoja mpaka giza la mapema la Buffalo likaingia. Kabla sijaondoka tukapiga simu kwenye shirika la ndege, tukasubiri muziki ule wa kusubirisha watu kwa muda mrefu sana, mpaka wakampa nafasi siku tatu mbele.

Siku hiyo nilimpeleka mwenyewe. Nilisimama nyuma ya kamba nikamwangalia mpaka akavua viatu kwenye ukaguzi, kwa maana nilikuwa na wasiwasi bado. Hakugeuka nyuma.

Alirudi mwisho wa Januari, amekuwa mweusi kwa jua na ameongezeka kidogo. Hakunipa hadithi nzima kwa mkupuo, aliitoa vipande vipande, tukikunja mashuka. Mtoto hakumkumbatia uwanjani. Alimpa mkono, tena alikuwa amesimama nusu nyuma ya dadake Ate. Viatu vilikuwa vidogo, pamoja na kuongeza saizi mara mbili, vikachukuliwa na binamu. Siku nne za kwanza mtoto alimjibu alichoulizwa tu. Siku ya tano alivunja glasi, Ate akamkemea bila kufikiri, kwa sauti kubwa, na mtoto akamjibu kwa sauti kubwa vilevile. Dadake alikimbilia jikoni akiogopa. Aliwakuta wamepiga magoti wote wawili wakiokota vipande, bado wanalumbana.

Yule dadake aliyemlea mtoto bado anaitwa Mama. Ate aliniambia hilo bila kuficha. Wapo wawili sasa, na mtoto huwatofautisha kwa namna anayojua mwenyewe.

Nilipompeleka chumbani kwa mama wa Kivu kumsalimia, mama alimtazama juu mpaka chini, akaniuliza mimi, "Alimupikia nini?" Nikatafsiri. Ate akaeleza: wali wa kukaanga na kitunguu saumu, kila asubuhi, kabla ya shule. Mama akatikisa kichwa kuonyesha kwamba inatosha, kisha akataka ageuzwe, kwa kuwa siku zote zile, alisema, sisi wengine tulikuwa tunamgeuza kama gunia.

Siku hizi, ikifika saa kumi na moja jioni, kwao ni alfajiri na mtoto ameamka kujiandaa kwenda shule. Anapiga yeye. Kama Ate yuko kazini, mmoja wetu anashika wagonjwa wake na yeye anaingia chumba cha mashuka, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimepita pale mara kadhaa kuchukua taulo. Mara nyingi hawana la maana wanalozungumza. Mtoto anatafuta daftari, anapiga kelele kwamba halionekani, naye Ate, kutoka Buffalo, anamuuliza kama ameangalia chini ya kitanda.