Bendera Nyeusi Chini ya Godoro ya Mujukuu Wangu

Ile mwaka tulikula sombe ya majani ya muhogo bila samaki badogo ba ndagala, kwa sababu bezi ba ziwa balinyang'anya bavuvi moteri za mashua na batu bakaogopa kuingia maji, njo mwaka niliharibu mujukuu wangu. Sikusingiziwa. Ni mimi! Ni kinywa changu hiki!

Jina langu siandiki. Hapa mu muji wa Baraka, kando ya ziwa, batu bananijua, na niko mwanamuke wa heshima. Masomo niliachia mu darasa la pili, muvumilie mwandiko.

Huyo mujukuu, Asukulu, nilimulea mimi, mama yake alikufa mutoto angali ananyonya. Akakuwa muvuvi, kijana mwenye pirogi, mutumbwi yake mwenyewe. Lakini tangu masomo ya primaire mupaka kuota ndevu, iko tu na ile katuni ya Bajaponi, ya bapirate banazunguka bahari kutafuta hazina. Kila jioni na telefone mukononi, ananiita Koko, ni kusema bibi:

— Koko, kuja uone, bamefika kisiwa ingine!

— Habajafika tu? Film gani haina mwisho? Hata Biblia iko na Ufunuo!

Alicheka. Hakuchoka kuniita, na mi sikuangalia hata siku moja. Nilisikia tu makelele. Hata bapirate ni batu gani, sikujua.

Siku moja natoa godoro yake niianike juani, nikakuta kitambaa cheusi, kimeshonwa kichwa ya mufu na mifupa mbili. Weee! Bavuvi balisema bale bezi banapandisha kitambaa cheusi. Nikasema: kumbe mwizi wa ziwa analala mu nyumba yangu!

Sikumungoja. Mi niko mutu wa kujisifu, siwafichi. Nilibeba kile kitambaa mupaka ku soko ya samaki, nikakiinua mbele ya bavuvi balioibiwa: "Mimi sifichi mwizi, hata wa damu yangu!" Bamama bakapiga vigelegele: "Huyu njo mwanamuke!" Ilinipendeza. Mungu wangu, ilinipendeza sana!

Asukulu alitoka ziwani, akakuta batu banamungoja. "Ni ya katuni!" alipiga makelele. "Nilitaka kuipandisha mu pirogi, tucheke na barafiki!" Nani alisikia? Balichana wavu wake. Balipasua pirogi kwa shoka. Akaniangalia mimi. Nikageukia bale bamama.

Kesho yake mwenye nyumba ya video, kwenye batu banalipa kuona film, akaleta telefone, akaonesha bavuvi ile katuni. Bendera ileile! Na bale bapirate, mwenzao akishikwa, bote banamufuata mupaka mu moto. Njo mara yangu ya kwanza kuiangalia.

Bavuvi balishikwa na haya. Balikuja nyumbani na wavu mupya, bamama ba soko nyuma yao, mukubwa wa bavuvi akapiga magoti: "Kijana, tulikosa." Asukulu akamuinua. Kisha akanigeukia, polepole:

— Na wewe, Koko?

Neno lilikuwa hapa ku ulimi! Lakini mbele ya bale bamama balionipigia vigelegele? Nikasema: "Siombi musamaha mutoto niliyemupangusa kamasi."

Alipanda mashua ya kwenda muji wa Kalemie. Huko ameoa, amezaa binti, akamupa jina langu. Jina langu, bandugu! Na mi sijamushika hata kidole.

Bamama wenzangu, mutoto akikuita uone kitu anapenda, acha sufuria iungue, uende uone. Ukikuta kitu mu nyumba yako, uliza mwenyewe kabla ya kupeleka soko. Na ukikosa, sema siku ileile! Mi nilizania kesho itakuwa rahisi. Kila kesho ilikuwa ngumu kupita jana.

Juzi Asukulu alipiga telefone. Nilisikia mutoto analia kando yake.

— Koko, tunataka kuja Baraka, sisi batatu. Sitaki unipigie magoti. Neno moja tu, niskie.

Nilitaka. Naapa nilitaka! Nikavuta pumuzi, nikamuita jina lake, nikasema:

— Siombi musamaha mutoto niliyemupangusa kamasi.