Reli ya mbavu za mwavuli

Koko, baba yake mama yangu, alianza kufunga mdomo mvua zilipoanza. Kwanza alikataa nyama, kisha fufu, kisha hata uji. Hospitalini walitwambia kwamba tumbo lake halina ugonjwa, ila kichwa kimechoka, na kwamba tumrudishe nyumbani Muhumba tumlishe. Walilisema kama jambo jepesi. Mama alikaa mbele yake kila adhuhuri na sahani, na koko alimtazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea mlango. Mimi hakunitazama kabisa.

Siku moja alimnyang'anya mama kijiko. Tulifikiri atakula. Badala yake akagonga ukingo wa sahani ya bati, akainamisha sikio, akagonga tena pembeni kidogo. Hapo nilielewa. Miaka yote ya nguvu zake koko alilaza reli upande wa Kindu, na nilipokuwa mdogo alinieleza jinsi reli inavyogongwa kwa nyundo ili kusikia kama ina ufa. Hakuwa nasi. Alikuwa kazini.

Nikawaza kwamba nikimletea reli, atarudi. Atakula, na ataniita kwa jina langu.

Kazi yangu ni kutengeneza miavuli kando ya barabara ya Ibanda, na kazi hiyo inanifaa kwa sababu mtu anakuletea mwavuli, anakwambia umevunjika wapi, basi, hakuna maneno mengi. Mbavu za mwavuli ni chuma chembamba kirefu. Niliamua kwamba mita moja ya kweli iwe sentimita nne kwangu, nikaona ubavu mmoja unatosha reli nzima, kama zile alizobeba yeye na wenzake. Hapa Bukavu hakuna treni, kwa hiyo niliazima simu ya jirani nikatafuta picha. Nilichonga mataruma ya mbao, yale ambayo reli inalalia, sitini na matano, nikayapaka mafuta machafu ya gari. Kokoto nilizichekecha kwa chujio cha chai, nikazimwaga juu ya ubao mrefu. Kila nilipofunga reli nilipima nafasi katikati ya reli mbili kwa kijiti nilichokikata kwa kipimo chake, na kisipopita sawasawa, nilibomoa.

Nilimwekea ubao magotini. Vidole vyake vikatembea juu ya reli, vikashuka kwenye taruma, vikasimama. Akakwaruza kwa ukucha, akanusa.

“Mbao,” alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa wiki mbili. Kisha akasema, “Muchwa,” akausukuma ubao na kugeukia ukuta.

Mama alilia kwa furaha kwa sababu baba yake amesema. Mimi nilitoka nje. Alikuwa ameniambia mara ngapi, nikiwa nimekaa miguuni pake, kwamba kwao mataruma yalikuwa ya chuma kwa sababu mchwa walimaliza mbao! Nilikuwa nimemtengenezea reli ya Wazungu wa kwenye simu.

Nilibomoa yote. Nilikata mataruma mapya kwenye makopo ya nyanya, nikayakunja kingo kama mitumbwi iliyopinduliwa, nikajikata vidole. Siku hizo koko alipungua hata mkono wake ukawa mwepesi kama nguo. Nilipomletea tena, vidole vilipita kwenye mataruma bila kulalamika, vikafika mahali reli mbili zinapoungana. Nilikuwa nimezibananisha vizuri, hata uzi usingepita.

“Nafasi iko wapi?” aliuliza. “Jua itawaka, reli itapinda, batu batakufa. Nani alikupatia kazi?”

“Ni weye, koko.”

“Miye? Ku kazi sikunywake pombe hata siku moja.”

Mama alicheka huku amejifunika mdomo kwa kitenge. Kisha, sijui wazo lilimjia kutoka wapi, akachukua sahani na kupiga magoti. “Chef, saa ya kula imefika,” alisema, kama anaongea na msimamizi wa kazi. “Huyu atarudilia kazi yake tukisha kula.”

Koko alinitazama kwa hasira, akafungua mdomo. Alikula vijiko saba.

Kesho yake niliileta reli ikiwa na nafasi nzuri, unene wa bati la kopo. Aliipapasa, hakuona kosa, na hakula. Ndipo tulipojua mama na mimi kinachomlisha ni nini. Tangu siku hiyo nikawa naharibu. Asubuhi nililegeza taruma moja, au niliondoa kokoto upande mmoja, au niliisogeza reli kidogo itoke kwenye kipimo. Adhuhuri alilipata kosa, akanitukana, akaniita muvivu, kichwa ya mbuzi, mutoto ya chef aliyeingia kazi kwa mulango ya nyuma. Mama akatangaza saa ya kula. Kila tusi lilikuwa vijiko kadhaa. Jina langu halikuwamo katika hayo yote, na baada ya siku chache niliacha kulingoja. Niliwaza tu kosa la kesho.

Makosa yalianza kuwa makubwa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinakosa yale madogo. Siku ya kumi na moja nilikata reli katikati, nikaacha pengo ambalo kidole kizima kingeingia. Treni yoyote ingeanguka pale.

Nilimwekea ubao magotini. Mama alishika kijiko tayari. Vidole vya koko vilianza mwisho wa kushoto, polepole, vikapita taruma kwa taruma, vikafika kwenye pengo, vikashuka ndani yake, vikapanda upande wa pili, vikaendelea mpaka mwisho.

“Iko muzuri,” alisema.

Nilimwambia aangalie tena. Nilimshika mkono nikaurudisha kwenye pengo, nikaubonyeza pale. Akaniachia mkono wake tu.

“Iko muzuri, mwanangu. Enda upumuzike.”

Mama alisema saa ya kula imefika. Alisema mara tatu. Mdomo wa koko ulibaki umefungwa.