Mnara wa Tellervo Unaoruka

Siku niliyomwona mwanamke aitwaye Tellervo Kinnunen kwa mara ya kwanza, alikuwa juu ya paa la ukumbi wa kijiji chetu cha Louhenperä, amevaa kofia ya sufu ya njano, anaigombeza droni.

"Shuka! Nimesema shuka, mbona huna adabu?"

Droni ilikuwa kubwa kama meza ya watu wanne, na haikushuka. Mimi nilikuwa nasukuma toroli la kuni za sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Nilitaka kumsalimia, lakini alikuwa na siku mbili tu tangu aje, nikaona ni mapema mno. Nikapita.

Dhoruba ilikuwa imeangusha mnara wetu wa simu. Badala ya kujenga mwingine, watu wa mjini wakatuletea droni iliyobeba mtandao tumboni. Popote simu nyingi zilipokusanyika, yenyewe ilikwenda kusimama hewani juu yake ili watu wapate mawasiliano. Tellervo aliajiriwa kuirusha, kuibadilishia betri na kuandika ilikokwenda. Kabla ya hapo alibandika lebo kwenye maboksi ya viatu miaka kumi na moja, katika ghala moja lisilo na dirisha mjini Vantaa.

Shida tulikuwa sisi. Siku ya jaribio la kwanza kijiji kizima tulikuja uwanjani, tukasimama kama tunavyosimama kituo cha basi, kila mtu hatua kumi na tano kutoka kwa mwenzake. Droni ilizunguka, haikuona mkusanyiko wowote, ikaenda zake msituni. Huko ikatulia juu ya kulungu mia moja wanaofugwa na jirani yangu Oiva, waliovaa shingoni kola zenye laini ya simu ili wasipotee.

"Sogeleaneni!" Tellervo alipiga kelele.

"Tusogee mpaka wapi?" Oiva akamjibu. "Mimi na Reino tumeshabanana." Mimi ndiye Reino. Nilikuwa upande wa pili wa barabara.

"Basi kulungu wako wana mtandao mzuri kuliko wewe!"

"Wana marafiki, hao."

Vuli ile Tellervo alizoea kuja kwenye banda langu la kuni na chupa ya kahawa. Yeye aliongea, mimi nilipanga kuni.

"Reino, kwani wewe unatumia maneno mangapi kwa siku?"

Nilifikiri vizuri. "Inategemea."

"Haya, la leo limeshatoka."

Kisha ikaja barua kutoka mjini. Wakaguzi wawili wangefika Jumamosi, na walitaka simu moja ipigwe kijijini, iende dakika tano bila kukatika. Kimya kikizidi sekunde kumi, kompyuta ingehesabu kwamba simu imekatika. Tukishindwa, droni ingepelekwa kwingine, na Tellervo angerudi kwenye maboksi ya viatu.

"Sekunde kumi!" Oiva alisema. "Mimi nilimposa mke wangu, akanyamaza mpaka theluji ikayeyuka. Na tulikuwa tunaelewana!"

Tellervo hakucheka. Alikaa bandani, kofia mkononi. Nikaziambia kuni, "Sauna."

"Umesemaje?"

Sikurudia, lakini alishaelewa. Watu wa kwetu hawakaribiani popote isipokuwa sauna. Humo tunakaa bega kwa bega, na simu zote zinabaki nje kwenye kikapu kimoja barazani.

Jumamosi tukaingia wanaume kumi na wanne. Oiva ndiye aliyepangwa kupokea simu, kwa kuwa anapenda kubishana. Droni ikaja moja kwa moja, ikatulia juu ya bomba la moshi. Simu ikalia. Oiva alikuwa ameshajitupa ziwani kupoza joto la sauna, maji shingoni.

"Pokea, Reino!" alipayuka. "Nakuja!"

Hakuja. Nikatoka mbio, nikaichukua simu kikapuni.

"Oiva?" Ilikuwa sauti ya Tellervo, aliyekuwa ng'ambo ya ziwa pamoja na wakaguzi.

"Yuko majini."

"Mungu wangu. Basi sema wewe, Reino. Sema chochote!"

Nikaanza na kuni. Nilieleza jinsi ya kupasua betula, ule mti wa gome jeupe, na unavyokaushwa. Nikaingia kwenye viazi, nikaja kwa mbwa wote niliowahi kufuga, hata yule aliyemng'ata tarishi, na nikaeleza kwa nini mbwa ndiye alikuwa na haki. Dakika ya nne mbwa wakaisha. Nikahesabu moyoni: tano, sita, saba.

"Usirudi Vantaa," nikasema. "Nimezoea kuamshwa na ugomvi wako na hiyo droni. Na kofia yako naiona hata kwenye ukungu."

Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Nilikuwa nimefika kwenye samaki wa kukaanga wa marehemu mama, Tellervo aliponiambia, "Reino, ni dakika kumi na moja. Tumepita. Inatosha."

Hapo ndipo nilipotazama juu nikakumbuka kwamba droni ina kamera, na kwamba wakaguzi wamekaa mbele ya skrini. Mwilini nilikuwa na kofia ya sauna tu.

Tellervo amepewa kazi ya kudumu. Siku hizi tunakunywa kahawa kwenye benchi moja bandani, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Jana alipomaliza kikombe alisogea katikati, akakaa kidogo, kisha akainuka na kuvaa kofia yake.

"Kesho wanakuja wakaguzi wengine," akasema. "Wamekutaka wewe kwa jina. Ila safari hii, Reino, chukua taulo."